Paka Mzee Asiyekula

Karibu kila nyumba ya kwetu yenye ghala ina paka, na paka huyo, akiokoka na mbwa na magari, mwisho huzeeka. Macho yake huingia ukungu, mifupa ya mgongo huonekana, panya hupita mbele yake naye huwatazama tu, kama mzee aketiye barazani atazamavyo vijana wapitao njiani. Kisha siku moja sahani yake yaonekana imejaa kama ilivyowekwa jana. Watu wa nyumbani husemaje? Husema, "Paka amekataa chakula." Na wakiisha kusema hivyo, wengi huona neno limekwisha: aliyekataa amekataa, ni nani wa kumbembeleza?

Swali langu ni hili: Tuna wajibu gani kwa mnyama aliyekwisha kutumika, ambaye sasa hana faida, aumwapo hasemi, na hata kile tumpacho hakipokei? Najua wako watakaosema kwamba hili ni swali la watu wasio na kazi. Mimi sioni hivyo. Mtu akitaka kujua kama wema wake ni wema kweli au ni biashara, na autazame mahali pasipo na malipo. Nami sijui mahali palipo pakavu kwa malipo kuliko sahani ya paka mzee.

Kwanza na tulichungue neno lenyewe, maana nadhani upotevu waanzia vinywani mwetu. Kukataa ni tendo la mwenye nia. Mtoto hukataa uji kwa kuwa ataka chai. Mtu hukataa zawadi kwa kuwa amchukia aliyeitoa. Lakini paka hana ugomvi nasi, wala hatutishi kwa njaa yake. Tukisema "amekataa," tumemfanya yeye kuwa mwenye kosa, nasi tumejitoa katika hukumu. Afadhali tuseme, "Paka hawezi kula," kisha tuulize, "Ni kitu gani kimzuiacho?" Neno hili moja, likiulizwa kwa haki, ndilo mwanzo wa msaada wote.

Maana yuko asiyekula ingawa ana njaa. Mwangalieni: huja mpaka sahanini, hunusa, hutia kinywa, kisha hushtuka na kurudi nyuma kana kwamba chakula kimemwuma. Au hutafuna kwa upande mmoja, kichwa amekiinamisha, na vipande vyaanguka chini. Udenda wamtoka, na pumzi yake yanuka vibaya. Huyo ana maumivu ya meno au ya fizi. Magonjwa ya kinywa ni ya kawaida sana kwa paka wazee. Tena wana ugonjwa mmoja wao ambao jino lenyewe hulika polepole karibu na ufizi, hata sehemu ya ndani yenye fahamu hubaki wazi. Ni nani kati yetu aliyekesha kwa jino usiku kucha, atakayemwambia huyo kwamba amekataa chakula?

Yuko mwingine ambaye kinywa chake ni kizima, lakini hamu hana. Kwa paka mzee, sababu mara nyingi ni figo. Figo huchakaa, na zikishindwa kazi yake ya kusafisha damu, taka hubaki mwilini, naye huona kichefuchefu mchana na usiku. Paka huyo hunywa maji mengi kuliko zamani, hukojoa sana, hukonda, pengine hutapika. Watu humwona akinywa maji wakafurahi wakisema, "Angalau anakunywa," kumbe kunywa kule ndiko kunakowapa habari ya ugonjwa.

Au huenda pua yake imeziba. Jambo hili halijulikani na wengi: katika kula, paka huongozwa na pua kuliko ulimi. Ulimi wake hauonji utamu hata kidogo. Mwaka 2005 wataalamu walionyesha kwamba sehemu ile ya urithi wa mwili iwezeshayo kuonja sukari imeharibika kwa paka, na kadhalika kwa duma na jamaa zake wengine. Basi asali kwake ni kama mate tu. Lakini harufu ni mlango wa chakula chake, na mlango huo ukifungwa kwa mafua, au ukidhoofika kwa uzee, nyama iliyo mbele yake haina tofauti na jiwe.

Na wa tatu ana hamu, ana na meno, lakini aogopa au hafiki. Sahani yake iko njia apitayo mbwa. Au imepandishwa juu kwa ajili ya kuku, na magoti yake yamekuwa magumu hata hawezi kuruka. Huyu hahitaji dawa. Ahitaji mtu wa kuihamisha sahani.

Mtu aweza kuniambia, "Basi na angoje siku chache, njaa itamfundisha." Shauri hilo huenda likamfaa mtoto mwenye deko; kwa paka ni shauri la hatari. Mwili wake haukufanywa kwa kufunga. Akikaa siku mbili tatu pasipo chakula, hasa akiwa alikuwa mnene, mwili huanza kuyatoa mafuta yake na kuyapeleka katika ini kwa wingi kuliko ini liwezavyo kuyatumia. Ini hujaa mafuta. Fizi na weupe wa macho hugeuka kuwa manjano. Na hapo hata hamu kidogo iliyosalia hupotea. Ndivyo kutokula, kulikokuwa dalili ya ugonjwa, kunavyogeuka kuwa ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hii paka asiyegusa chochote siku nzima yafaa aangaliwe, na akifikisha siku ya pili apelekwe kwa bwana mifugo pasipo kungoja ya tatu.

Sasa nirudi katika habari ya deni. Warumi wa kale walikuwa na mtu mkubwa, jina lake Cato, aliyezaliwa mwaka 234 kabla ya Kristo, akafa mwaka 149. Aliandika kitabu juu ya ukulima, na ndani yake amshauri mwenye shamba auze ng'ombe waliozeeka, na vyombo vikuukuu, na mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa. Vyote katika orodha moja, kama mtu asafishaye stoo. Tena farasi aliyempanda vitani huko Hispania alimwacha huko huko, ili serikali isipate gharama ya kumvusha bahari. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye Myunani mmoja, Plutarch, aliyeandika maisha ya watu wakuu, alipofika katika habari hizo hakuweza kupita kimya. Alisema kwamba haki ina mpaka, maana yatawala mambo ya watu na watu, lakini wema huenea mbali kuliko haki, hufika hata kwa wanyama; na yeye mwenyewe hangemwuza ng'ombe aliyezeeka katika kazi yake. Akasimulia pia habari ya mji wa Athene. Walipokuwa wakijenga hekalu lao kubwa, nyumbu waliochoka sana waliachiliwa wajilishe wapendapo. Mmoja wao akawa arudi kazini kwa hiari yake, akitembea mbele ya wenzake waliokokota mawe, kana kwamba awatia moyo. Watu wa mji wakakata shauri alishwe kwa mali ya wote mpaka kufa kwake.

Wengi humlaumu Cato kwa ukali. Mimi sidhani kwamba alikuwa mkali; alikuwa ahesabu tu. Mtu mkali tungemtambua mlangoni, tukamfungia. Mwenye kuhesabu yumo ndani, tena twamsifu kwa akili, naye miezi ya njaa ifikapo ndiye asemaye, "Huyu paka akamata nini siku hizi?"

Habari ya nyumbu yanipendeza, lakini sikiri kwamba yatosha. Nyumbu yule alilishwa kwa kuwa alifanya kazi. Aliyelipwa amelipwa, na malipo hata yakiwa ya kuchelewa ni malipo. Je, yule paka mvivu ambaye watoto walimpenda bure, asiyekamata panya watano maisha yake yote? Tukisema kwamba deni letu latokana na utumishi wake, basi huyo hatuna deni naye, na Cato ameshinda.

Mdachi mmoja mwenye hekima, Immanuel Kant, aliyeishi Königsberg (1724–1804), naye alitoa mfano wa mbwa mzee. Alifundisha kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu astahili kutunzwa mpaka kufa, hata asipoweza kazi tena. Lakini alipoulizwa sababu, hakusema kwamba tuna wajibu kwa mbwa mwenyewe. Alisema kwamba mtu awatendaye wanyama pasipo huruma hufanya moyo wake kuwa mgumu kwa wanadamu pia. Neno hili lina kweli ndani yake, na kila aliyelea watoto alijua. Walakini, kama huruma kwa paka ni mazoezi tu ya huruma kwa watu, basi paka ni ubao wa shule. Twaandika juu yake, twafuta. Na mtu aliye na moyo laini tayari hangekuwa na haja ya mazoezi hayo, angeweza kumwacha paka wake afe na njaa pasipo hatia. Hilo haliwezi kuwa sawa. Mwingereza Jeremy Bentham aliandika mwaka 1789 kwamba lililo kubwa si kama wanyama waweza kufikiri au kusema, bali kama waweza kuumia. Hapo ametufikisha karibu zaidi, maana sasa twamtazama paka mwenyewe. Lakini paka wote wa dunia waweza kuumia, nami siwezi kuwapasha moto samaki wote. Kwa nini huyu?

Jibu langu ni kwamba huyu ametutegemea, na kutegemea kwake sisi tumekukubali. Paka wa nyumbani ni mtoto wa paka mwitu, yule kimburu aliye pia katika nyika za kwetu; asili ya hawa wa nyumbani hasa ni jamaa zake wa Misri na nchi za jirani za mashariki. Watu walipoanza kulima na kuweka nafaka, panya walikuja. Panya walipokuja, paka aliwafuata. Huko Kipro wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka amezikwa karibu na mtu, kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, habari iliyotangazwa mwaka 2004. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili. Basi yuko mtu aliyempakia chomboni akamvusha bahari. Tena Cato alikuwa bado hajazaliwa kwa maelfu ya miaka.

Mtu atanijibu, "Hakuna aliyemkamata paka. Alikuja mwenyewe, naye hata leo aweza kwenda porini akajitafutia." Jibu hili lina nguvu, na nimelisikia kwa watu wenye akili. Lakini angalieni ni paka gani asemwaye. Paka kijana aweza kwenda, naam, na mara nyingi huenda, akarudi siku ya tatu na jeraha sikioni. Paka mzee hawezi. Alipokuwa na nguvu za kutuacha hakutuacha, nasi tulifurahi. Nguvu zimekwisha akiwa mikononi mwetu. Kumwambia sasa kwamba yu huru ni kumpa mlango aliye kiwete.

Watu wa pwani wana methali isemayo, "Paka wa nyumba haingwa," yaani hafukuzwi. Huitumia zaidi katika habari za watu, kwa yule ambaye amekuwa wa nyumbani hata haulizwi tena amekuja kwa kazi gani. Angalieni methali hiyo ilivyopimwa. Haikusema paka mwenye kukamata panya, wala haikusema paka kijana. Imesema paka wa nyumba, ikanyamaza. Kwangu mimi methali hiyo imemshinda Cato, na imempita Kant pia: wajibu wetu hauko katika kazi aliyofanya, wala katika faida ya mioyo yetu, uko katika kuwa wake wa nyumba na nyumba kuwa yake.

Mwalimu mmoja aliposikia nikisema hivi aliniuliza, "Mchungaji, na watoto? Katika mtaa wangu wako watoto walalao na uji mtupu. Nimwambie mama yao ampe paka samaki?" Swali hili si la kupitwa kwa haraka. Mahali ambapo kweli samaki ni mmoja, na mtoto hajala, samaki ni wa mtoto. Wala sitaki kumsikia mtu akibishana. Lakini nimeona kwamba swali hili huulizwa zaidi na mtu aliyekwisha kushiba, hali sufuria ina makombo yatakayotupwa asubuhi. Paka wa kilo tatu au nne hali sana. Chakula chake cha siku nzima chaenea katika kiganja cha mtu mzima. Mara nyingi kitu tusichotaka kumpa si samaki, ni robo saa: ya kuketi chini, kutazama kinywani, kupasha moto, kungoja. Tena yule mama mwenye uji mtupu, nimemkuta mara nyingi ndiye aliyeketi chini.

Nimjuaye mmoja ni bibi mjane, na paka wake wa miaka mingi aliacha kula wakati wa mvua. Mjukuu wake alileta gunia, akasema, "Bibi, huyu amekwisha. Nitampeleka ng'ambo ya mto." Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nami sina meno. Gunia langu umeliweka wapi?" Kijana alicheka, lakini gunia alilirudisha. Bwana mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe wa jirani aliitwa, akamtazama paka, akaona jino limeoza mpaka taya limevimba. Akaling'oa siku nyingine kwa dawa ya kulaza. Paka aliishi miezi minne baada ya hapo, akila dagaa waliopondwa. Miezi minne si mingi. Sikumsikia bibi akisema kwamba ni michache.

Basi mtu afanyeje? Nitasema yaliyo ya hakika, kwa kuwa huruma isiyo na maarifa huua pia.

Chakula na kiwe na uvuguvugu, kama joto la mwili wa paka mwenyewe, kwa maana moto huamsha harufu, na harufu huamsha hamu. Samaki au nyama ya kuku iliyochemshwa, ikitolewa mifupa na kupondwa na mchuzi wake, humfaa asiye na meno. Dagaa wakavu waloweshwe kwanza, chumvi imwagwe. Wala kisitiwe kitunguu, wala kitunguu saumu, maana hivyo huharibu damu ya paka. Mchuzi wa watu wa nyumbani, tuusifuo sisi, kwake ni sumu ya polepole. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu huyakimbilia, huwaharisha paka wengi wakubwa, na mgonjwa mwenye kuharisha hupoteza maji aliyokuwa akiyahitaji. Uji wa mahindi peke yake haumwokoi: paka ni mla nyama kwa asili, na viko vitu mwilini mwake asivyoweza kuvipata katika nafaka. Kwa asili yake paka hula kidogo kidogo mara nyingi, panya mmoja sasa na mwingine baadaye. Kwa hiyo mpe kiasi cha kijiko, uondoe kisicholiwa, ulete kingine kipya baada ya saa chache. Sahani iwe pana, chini, mahali pa kimya, na maji yawe mbali kidogo na chakula. Kama pua imekauka kwa makamasi, ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya moto kiasi. Wengine hula wakipapaswa kichwani na mtu wamjuaye, usilidharau hilo.

Sasa neno la kumlazimisha. Nimewaona watu wenye upendo mwingi wakimshika paka, wakimfungua kinywa, na kumtia chakula kwa kijiko mpaka macho yamtoka. Wao huona wamemsaidia. Lakini chakula kikiingia njia ya pumzi huwa hatari ya mapafu. Na paka aliye na kichefuchefu, akilazimishwa chakula fulani, hukichukia chakula hicho hata baada ya kupona. Kwa upendo wetu tumemfungia mlango uliokuwa umebaki. Tena tujichunguze: mara nyingi twalazimisha kwa sababu hatuwezi kuvumilia kuiona sahani iliyojaa. Hapo tunayemsaidia ni nafsi yetu.

Na hapa nasema kwa sauti: usimpe paka dawa za watu. Kidonge kimoja cha paracetamol, ambacho sisi twameza tukienda shambani, chatosha kumwua. Ini lake haliwezi kuiondoa sumu yake kama letu. Kadhalika, kama nyumbani mmewekwa dawa ya panya, na paka amekuwa mnyonge ghafula, fizi zake nyeupe au zatoka damu, msikae mkimpikia. Fikirini sumu, mkaite msaada siku ile ile. Na kama tabia yake imegeuka, huuma pasipo sababu, udenda wamtoka, hawezi kumeza, mtu asitie kidole kinywani mwake kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Aliyeumwa au kukwaruzwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, aende hospitali pasipo kulala.

Mabwana mifugo wengi wamezoea ng'ombe na mbuzi, na mtu huona haya kumpeleka paka kwao. Haya hiyo haina msingi. Paka ni mnyama kama hao. Waweza kung'oa meno, na paka asiye na meno hata moja hula vizuri kuliko mwenye meno yaumayo. Waweza kumtia maji chini ya ngozi, na kumpa dawa ya kuzuia kichefuchefu. Mwaka 2018 huko Marekani iliruhusiwa marhamu ya mirtazapini, ipakwayo ndani ya sikio la paka anayekonda, nayo huamsha hamu. Kwetu dawa hiyo si rahisi kuonekana mitaani. Lakini kutazamwa kinywa si gharama kubwa, na ndipo wengi wangesaidiwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, imkatazayo mtu kumtesa mnyama. Ila sheria haiingii jikoni kuhesabu siku ambazo sahani haijaguswa.

Imebaki habari ngumu. Iko siku ambayo sababu imejulikana, nayo haina dawa. Figo zimekwisha, amepewa chakula chenye joto, amepewa utulivu, naye hageuki. Wajibu wetu ni nini hapo? Wengine hulichukua gunia. Husema, "Tumempa nafasi huko porini." Sikubaliani nao. Gunia halimpi nafasi paka. Huwapa nafasi wenye nyumba wasione. Kifo ni kile kile, ila kimeongezewa hofu na kiu na mbwa wa watu wengine. Kama yuko daktari wa mifugo awezaye kumlaza usingizi wa mwisho kwa sindano, na mateso ni makubwa, sioni dhambi kumwita. Kumfupishia maumivu yule ambaye hawezi kuelewa kwa nini aumia si sawa na kumtupa. Wako wakristo wema wasioafikiana nami katika hilo, nao nawaheshimu, maadamu hawachukui gunia. Pasipo na daktari, basi na abaki karibu na meko, juu ya kitambaa kikavu kinachobadilishwa, maji karibu na kinywa chake, na chakula kidogo kiletwe na kuondolewa pasipo kulazimishwa. Paka akikaribia kufa hupenda kujificha; aachwe ajifiche uvunguni, lakini mtu ajue yuko wapi.

Watoto wataona. Msiwaambie kwamba amesafiri. Na kama mwataka kuleta paka mwingine mdogo, kwa kuwa panya wamekwisha kujua habari, msimlete wakati mzee angali hai na mgonjwa, hata kama jirani awapa bure na asema atamgawia mwingine. Mgeni mwenye nguvu karibu na sahani yake atamzuia kula hata kile kijiko alichokuwa akikiweza. Mwambieni jirani awangojee.